Mjusi wa Maila

Msinicheke. Mimi Mwanakombo, binti wa Pangani, niliyekulia kwenye nyumba ambayo mjusi akionekana ukutani anakula kandambili kabla hajafika darini, leo kazi yangu ni kuwapokea mijusi hospitali. Naandika majina yao, nawapima uzito, nawauliza wanaowafuga wamekula nini na wamekwenda choo lini. Nilipomweleza mama yangu kwenye simu aliuliza, "Na huko uliko, watu wanatibiwa wapi?"

Nimekaa kwenye mji huu wa migodi ya chuma, huku Minnesota, miaka kumi na tisa, na kumi na minne kati ya hiyo nipo mapokezi ya kliniki ya wanyama. Nimezoea. Sungura wamepita, kasuku wamepita, nyoka mmoja alinitoroka nikapanda juu ya meza nikakaa huko nusu saa. Lakini mnyama niliyemlilia ni mmoja tu, na alikuwa na gramu tisini na nne.

Aliletwa mwisho wa Januari, asubuhi ya baridi ile ambayo ukitoka nje unyevu wa puani unaganda. Nikasikia gari linaunguruma uani bila kuzimwa, mlango ukasukumwa kwa bega, akaingia Mzee Wendell Koskela, koti limefungwa mpaka kidevuni na tumbo limemtangulia.

"Hongera, Mzee Wendell," nikamwambia. "Ni miezi mingapi?"

"Acha utani, Kombo. Amegoma kula."

Akafungua koti. Ndani alikuwa amekumbatia kopo la plastiki la kubebea chakula cha mchana, lenye matundu ya msumari kwenye kifuniko, na kopo limezungushiwa soksi ya sufi iliyojazwa mchele na kupashwa moto kwenye maikrowevu. Kila mtu anayefuga mjusi huku anayo soksi yake ya mchele. Baridi ya kutoka mlangoni mpaka kwenye gari inatosha kumuua.

Mama mmoja, Darlene, alikuwa amekaa pale na jibwa lake lenye mguu uliofungwa bandeji. Akachungulia kopo. "We Wendell, hicho si chambo hicho?"

"Chambo mwenyewe," mzee akajibu bila kumtazama. "Huyu ni Pikku. Ana miaka kumi na saba, na akili kukuzidi."

Pikku maana yake kadogo, kwa Kifini, lugha ya mababu wa wazee wa mji huu. Alikuwa mjusi wa njano mwenye madoa ya chui, kichwa kipana, na mdomo uliopinda pembeni ukafanana na wa mtu anayetabasamu kwa adabu. Mkia wao huwa mnene, ndiko wanakoweka akiba ya mafuta. Huyu hakunenepa mkia tu. Makwapa yote mawili yalikuwa yamevimba, tumbo limejaa, na macho kayafumba nusu. Nilipomweka kwenye mizani hakusogea hata kidole.

Sasa niwaambie huyu mzee ni nani. Aliendesha malori ya mgodini miaka thelathini na nne, yale ambayo tairi moja tu linamzidi mtu urefu, na yakamharibu masikio. Mkewe, Lorna, ndiye aliyenifundisha kuoka mkate wa kusuka wa Kifini, mtamu, wenye iliki. Siku ya kwanza niliponusa iliki jikoni kwake nilishindwa kujizuia, nikalia palepale na unga mikononi. Lorna hakuniuliza kitu. Alinikatia kipande cha mkate. Akafariki miaka sita iliyopita, mwezi wa Januari, kitandani kwake, anatazama ndege wanaokula mbegu dirishani, kama alivyotaka mwenyewe.

Hapo ndipo penye kidonda. Walikuwa na binti mmoja, Maila. Maila alitaka mama yake apelekwe hospitali kubwa ya Minneapolis. Lorna akakataa, na mzee akasimama na mkewe. Siku ya tatu ya msiba binti akamwambia baba yake jikoni, mbele ya watu na sahani zao, "Umemwacha afe." Mzee naye, badala ya kumeza, akajibu, "Kama unaona hivyo, mlango ule pale." Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa na natamani lingenimwagikia ili watu watazame kitu kingine.

Maila akaondoka kabla ya wiki kwisha, akaenda Tacoma, pwani ya magharibi. Mama yake hakuwa amezikwa. Huku kwetu ukifa katikati ya baridi unasubiri. Ardhi inakuwa ngumu, jembe linarudi mkononi, kwa hiyo jeneza linawekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini mpaka mwezi wa tano. Lorna alizikwa Mei, na Maila hakuja. Alichokiacha nyumbani ni Pikku, aliyenunuliwa yeye akiwa na miaka kumi na miwili, na karatasi ya maelekezo aliyoibandika kwenye kioo cha kizimba. Alimwambia baba yake maneno machache tu: "Nikipata pa kukaa nitakuja kumchukua."

Basi mzee akasubiri achukuliwe. Miaka sita! Hakumpigia binti simu, binti hakupiga. Krismasi kadi inakwenda, kadi inarudi, ndani jina tu na namba ya simu. Kila nikimwambia, "Mzee, mpigie mwanao," ananijibu, "Atakuja. Mjusi wake yupo kwangu." Nikaja kuelewa taratibu kwamba kile kiumbe cha gramu tisini ndicho kilichobaki kumpa yule mtoto sababu ya kupita mlango ule tena.

Daktari wetu, Thea Halvorsen, ni msichana mpole mwenye mikono ya joto, bahati kubwa kwa kazi hii. Akamgeuza Pikku, akamuminya tumbo kwa ncha ya kidole, akampiga eksirei, akarudi na picha.

"Mzee Koskela, anakula nini?"

"Chakula chake."

"Kipi?"

Mzee akakohoa. "Nyenje."

"Wangapi?"

Akakohoa tena. Mimi namjua, nikaingilia. "Mzee, sema kweli. Daktari hakupeleki jela."

"Na funza," akasema. "Funza wa nta."

Jamani! Mtu wa kufanya kosa hili ni wa mji wetu tu. Wale funza weupe wanene wa nta ndio chambo chetu cha kuvulia kwenye barafu. Kuanzia Desemba kila mwanaume hapa ana kijikopo chake mfukoni, kwenye joto la mwili wasigande, na anakwenda kukaa kwenye kibanda juu ya ziwa siku nzima akichungulia tundu. Mzee Wendell akirudi ziwani anao funza waliobaki. Akampa Pikku mmoja. Pikku akamkimbilia. Sasa mjusi akishaonja funza wa nta, nyenje hamtaki tena, ni mtoto na peremende. Mwili wote wa funza ni mafuta.

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Nikirudi ziwani tu."

"Na kiangazi?"

Mzee akatazama soksi yake ya mchele. "Duka la chambo linafungua mwaka mzima."

"Lakini maelekezo ya Maila unayo," nikamwambia. "Si yapo kwenye kioo?"

"Nimeyashika yote kwa moyo. Nyenje sita, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Unga wa kalsiamu. Maji yabadilishwe."

"Na penye funza pameandikwaje?"

"Mara chache." Akasugua uso kwa kiganja. "Kombo, wewe hujamwona anavyokuja. Nikifungua mlango tu anatoka pangoni, anakuja mpaka kwenye kioo, anaegemeza mikono yote miwili. Nani mwingine kwenye nyumba ile anakuja nikifungua mlango?"

Hasira zangu zikaishia hapohapo.

Daktari akaeleza kwa upole kwamba ini limejaa mafuta, mifupa imekuwa myembamba, na kwa umri ule njia ni mbili. Ama alishwe kwa bomba la sindano, tone kwa tone, wiki nyingi, bila uhakika wa kupona. Ama alazwe usingizi wa moja kwa moja, asiteseke. "Nahitaji mwenyewe achague na kutia sahihi," akasema.

Nikafungua faili. Mwenye mnyama: Maila Koskela. Namba ya simu iliyokuwepo ni ya nyumbani kwa mzee, ya ukutani, ile aliyojaza mtoto wa miaka kumi na miwili kwa mwandiko wa madoido. Ningeweza kukwepa. Nani angejua? Ningelifuta jina, ningeliandika la mzee, tukamaliza. Lakini nikamsogezea faili nikamwambia, "Sheria ya hapa ni mwenye mnyama. Mpigie."

"Mpigie wewe."

"Sipigi ng'o."

Akatoa kwenye pochi kipande cha kadi kilichokatwa kwa mkasi, chenye namba. Vidole vilivyokuwa vinashika usukani wa lori la mgodini vikawa vinakosea tarakimu. Kwa ajili ya masikio yake simu yake huiweka kwenye spika, kwa hiyo tulisikia kila kitu, mimi, daktari, Darlene na jibwa lake.

"Hallo?"

"Maila. Ni baba yako."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Pikku anaumwa."

"Pikku? Pikku yupo hai?"

"Yupo. Nimekutunzia. Nilijua utamfuata."

Nikasikia pumzi inavutwa kule Tacoma. "Baba, mimi sikumwacha ili nije nimfuate. Nilimwacha ili usikae peke yako kwenye ile nyumba."

Mzee akaitazama simu. "Ulisema ukipata pa kukaa."

"Ningesemaje? Ningekwambia nakuachia mwenzio, ungemkataa. Wewe hupokei kitu cha mtu." Sauti yake ilianza kukatika. "Niko kazini, baba. Mjusi ni wako. Mtibu kama unaweza. Na funza usimpe."

"Simpi," akasema mzee, na simu ikakatika.

Darlene alijifanya anaifunga upya bandeji ya mbwa. Mzee akakaa kwenye kiti cha plastiki na kopo mapajani, kisha akaniambia taratibu, na si kwa kulalamika, "Kwa hiyo hakuwa anakuja."

Nikainama kupanga kalamu zilizokwisha kupangwa. Mimi huyu, mwenye mdomo huu.

"Basi leta hiyo karatasi ya kutia sahihi," akasema. "Kama ni wangu, nisimuue kwa mikono yangu."

Tukaanza. Kila asubuhi saa tatu gari linaunguruma uani, koti, kopo, soksi. Nilimfundisha mzee kumshika Pikku katika kitambaa chenye uvuguvugu, kumdondoshea uji wa dawa kwenye ncha ya pua, na kungoja. Huwezi kumlazimisha mdomo, taya litavunjika. Unadondosha tone moja, unangoja ulimi utoke wenyewe ulirambe. Wakati mwingine tone moja ni dakika kumi. Mzee hakuwahi kuchoka. Alimsemesha wakati wote. Alimwambia habari za ziwa, za theluji iliyovunja tawi la msonobari, za Lorna. "Ramba, babu, ramba. Lorna angekupa maji ya mchuzi, mimi sijui kupika." Nami nafanya kazi zangu na machozi yananilenga, maana na mimi nina mama Pangani anayelishwa na mikono isiyo yangu.

Wiki ya pili ulimi ulitoka mara sita mfululizo. Mzee alipiga ngumi hewani kama goli limefungwa. Kesho yake akaleta mkate wa iliki, umeungua chini, akaugawa mpaka kwa wenye paka. Aliuoka mwenyewe. Nikauliza, "Umemwambia Maila kwamba Pikku anakula?"

"Nimemwandikia ujumbe."

"Akajibu?"

"Ameweka moyo. Mwekundu."

"Moyo ni jibu, mzee."

"Ndiyo?" Akaitazama simu upya.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya mwisho wa Februari. Gari likaingia uani, likazimwa. Mzee akaingia polepole, koti wazi, kopo mkononi. Hakuja na soksi. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nikazunguka meza, nikamshika, na yule mzee wa Kifini asiyekumbatiwa na mtu akaniacha nimkumbatie. Daktari akamtazama Pikku akathibitisha. Alikufa usiku pangoni mwake, chini ya taa yake, hakuteseka.

"Nimempigia Maila," mzee akasema. "Amelia. Akauliza, 'Umemzika?' Nikamwambia Februari hii ukazike wapi, ardhi ni chuma. Akasema, 'Mama mlimzika mwezi wa tano.' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Sikuja.' Nikasema ndiyo, hukuja. Akasema basi Pikku nisimzike mpaka ardhi ilainike."

"Ehe? Kwa hiyo anakuja?"

"Hakusema."

"Wewe umemuuliza?"

"Hakusema kama anakuja."

"Sikuulizi umeambiwa nini, nakuuliza umeuliza nini!" Nilipandisha sauti mpaka daktari akachungulia. "Miaka sita, Mzee Wendell! Hata neno moja la 'njoo' hujawahi kulitoa. Unangoja lidondoke kwenye mti?"

"Kombo," akasema, "nilimwonyesha mlango. Mtu uliyemwonyesha mlango unamwitaje?"

Akampeleka Pikku nyumbani, akamweka kwenye friza, ndani ya kopo lilelile, pembeni ya samaki wake. Waliokulia huku hawaoni ajabu. Paka wangapi wa mji huu wamekaa na njegere kwenye friza mpaka Mei.

Ikabaki kungoja. Mzee ana mtaimbo wa kutobolea barafu ziwani, mrefu, mzito. Machi ilipoanza akawa kila asubuhi anakwenda nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la ndege la Lorna, anafuta theluji mahali pamoja, anaupiga mtaimbo ardhini. Kisha anapita kliniki kuninywea kahawa yangu.

"Vipi?" namuuliza.

"Unadunda."

Machi yote ulidunda. Aprili katikati akaja na kucha zenye tope. "Vidole viwili." Wiki iliyofuata, "Kiganja." Kisha theluji ikaanguka upya, ikaganda, akarudi kusema unadunda, nikaitukana mbingu kwa Kiswahili na Darlene akaniuliza nimesali nini. Darlene naye sasa alikuwa anauliza. Watu wa duka la chambo walikuwa wanauliza. Mji mzima ulikuwa unangoja shimo la mjusi, na kila mtu alijua hatungoji mjusi.

Usiku nilijikuta namuomba Mungu aipashe moto ardhi ya Minnesota.

Mei tano, Ijumaa, akaingia na mtaimbo wenyewe mkononi. Akausimamisha mbele ya meza yangu. Tope jeusi lilikuwa limeupanda mtaimbo mpaka usawa wa goti lake.

"Umeingia," akasema.

"Mpigie."

Safari hii hakubishana. Akatoa simu, vidole havikukosea. Iliita mara moja tu.

"Baba?"

"Maila. Ardhi imelainika."

"Sawa, baba."

Nikamwona mzee anaanza kutafuta maneno ya kuagia, sijui hali ya hewa, sijui jitunze. Nikaipiga meza kofi. Sikusema kitu, lakini macho niliyomtolea hata mama yangu angeyatambua.

Mzee akafumba macho. "Njoo, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuonyesha mlango, nami ndiye nakuita. Njoo nyumbani."

Kule tulisikia gari linapita, na honi ya meli. Meli? Nikasema moyoni Tacoma nako kuna meli.

"Nipo Duluth, baba," Maila akasema. "Tangu Jumanne. Nimechukua chumba karibu na ziwa. Nilikuwa nangoja uniite."

Duluth, bandari ya ziwa kubwa, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu. Mzee akasimama pale, mdomo wazi, mtaimbo umeegemea bega lake. Kisha akageuka, mtaimbo ukaanguka sakafuni kwa kishindo, akatoka, hakuchukua kofia, hakufunga mlango, na gari likawaka uani na kuondoka kwa kasi ya kijana. Simu aliiacha mezani kwangu, ipo hewani.

"Baba?" ikaita. "Baba, upo?"

Nikaishika kwa mikono miwili.

"Hayupo, mwanangu," nikamwambia. "Anakufuata."